Kasi, Upana na Uthabiti: Istilahi za Mawasiliano Mpanda

Watafsiri wengi huandika "intaneti ya kasi" pale ambapo wahandisi wanakusudia njia pana, yaani njia ipitishayo habari nyingi kwa wakati mmoja. Kosa hili laonekana dogo, lakini historia ya Mpanda yaonyesha kuwa kasi, upana na uthabiti ni mambo matatu mbalimbali.

Reli ya Kaliua hadi Mpanda, yenye kilomita zipatazo 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na mji ukabaki mwisho wa njia. Mahali pa mbali namna hiyo ndipo udhaifu wa kila chombo hujitokeza. Simu ya upepo (jina zuri kupita mengi tuliyoyatunga baadaye) ilivuka pori bila waya, ila sauti yake ilikuja na kupotea. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta haihitaji mnara njiani. Lakini swali likipanda na jibu likirudi, nusu sekunde imekwisha. Basi njia yaweza kuwa pana na mazungumzo yakakwamakwama. Minara ya mawimbi huondoa uchelevu huo, bali kila mnara wadai umeme, na Mpanda kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli. Mnara mmoja wa katikati ukizimika, walio mbele yake hunyamaza.

Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Uzi wa kioo haujali mawingu. Adui yake ni katapila la wajenga barabara. Hapa waandishi waligawanyika: "mkongo" au "mkonga"? Mkazi wa Katavi, jirani wa tembo, angechagua mkonga bila kusita. Lakini hati za Serikali husema mkongo, na mtafsiri wa hati hana budi kuzifuata.

Kanuni za mwaka 2011, na zile za 2018, zilitupatia "ubora wa huduma". Istilahi hii yafaa, ila ni pana mno kwa mkataba. Karani aandikaye katika zabuni "intaneti ya kasi" tu hana neno la kumdai mtoa huduma laini ikatikapo mara kumi kwa siku. Aandike upana wa njia, kiasi cha uchelevu, na saa ambazo huduma yaruhusiwa kukatika kwa mwezi.