Mcheza Kwao na Mcheza kwa Ujira

Mithali ya Waswahili yasema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wengi huitaja mithali hii pasipo kuliuliza swali lililojificha ndani yake: Je, achezaye kwa mwajiri hupata nini? Aghalabu hudhaniwa kwamba swali hilo lilizaliwa mjini, katika kumbi za starehe za usiku. Lakini katika nchi ya Wasukuma, ambamo imo Kasoli ya wilaya ya Bariadi, ngoma na ujira vilifahamiana tangu zamani, na namna vilivyofahamiana yastahili kukumbukwa.

Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na kwa ngoma. Kutokana na ushindani wao vikatoka vyama viwili, Bagika na Bagalu, vilivyoenea Usukuma. Kijana aliyetaka kucheza hakuomba kazi, bali aliingia chama. Alipewa dawa, akafundishwa siri na nyimbo, akawa chini ya manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Mavuno yakiisha, vikundi viwili vilicheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kile kilichovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Hivyo mwamuzi alikuwa umma. Aliyecheza vibaya aliaibika mbele ya wenzake, lakini hakukosa chakula kwa ajili hiyo, maana shamba lake lilikuwa palepale.

Ujira uliingia kwa njia ya jembe. Vijana wa kijiji walikuwa na chama cha kazi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba kubwa aliwaita kulima, nao wakalima kwa kufuata ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, na mengine yakirushwa hewani na kudakwa. Mchezo huo ndio bugobogobo. Malipo yalikuwa ng'ombe au mbuzi, na baadaye fedha, hasa kilimo cha pamba kilipostawi. Mwaka 1955 wakulima wa kanda ya ziwa waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika shirikisho moja, Victoria Federation, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mapatano ya kulima yalifanywa na kikundi kizima kwa kinywa cha kiongozi wao. Mwenye shamba alinunua kazi ya jembe. Hakununua mtu aliyelishika.

Hata ilipofika Desemba 1962, Rais Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba vijana wengi walijua dansa za Kizungu kuliko gombe sugu na mangala. Katika miaka iliyofuata kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, nacho kikacheza ngoma za makabila mbalimbali, bugobogobo ikiwamo. Mcheza ngoma akawa mtumishi mwenye mshahara. Alipata heshima, lakini jembe sasa lilirushwa jukwaani, pasipo shamba wala mavuno. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, na ufundi uliofundishwa zamani na ningi ukafundishwa darasani.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 vikundi kama Muungano na DDC Kibisa vilicheza katika kumbi na baa za Dar es Salaam, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Baadaye bendi za dansi ziliajiri wanenguaji, wengi wao wasichana. Hapo jicho la mtazamaji lilianza kuacha hatua ya mguu na kufuata umbo la mwili, na mwenye ukumbi akajua kwamba umbo huleta fedha. Msichana aombaye kazi hiyo husimama peke yake mbele ya mtu mmoja, naye huyo ndiye apimaye, aamuaye na alipaye. Mwisho wa njia hii ni nyumba ambamo mchezaji hulipwa kwa kuvua nguo.

Wala isidhaniwe kwamba nyumba hizo hazina historia ya kufundisha. Katika nyingi za Marekani mchezaji huhesabiwa si mwajiriwa, na hulazimika kumlipa mwenye nyumba ada ili aruhusiwe kucheza. Huko San Francisco, wachezaji wa nyumba moja ya namna hiyo, Lusty Lady, walipiga kura mwaka 1996 kuunda chama cha wafanyakazi. Mwaka 2003 nyumba yenyewe ikawa mali yao kwa ushirika, hata ilipofungwa mwaka 2013. Walitafuta kwa taabu jambo ambalo vijana wa bugobogobo walianza nalo: kupatana na mlipaji wakiwa kundi, si mmojammoja.

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, imtakayo mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, saa zake na malipo yake. Lakini sheria humfaa ajuaye kwamba ipo, na msichana atokaye kijijini na kushuka stendi usiku hana ningi wala nsumba ntale wa kumsemea.

Basi lawama isielekezwe kwa anayecheza, kana kwamba kuuza ngoma ni jambo geni. Wasukuma waliiuza mchana, mbele ya kijiji kizima. Tofauti haimo katika fedha, bali katika mambo matatu: ni nani aamuaye, ni nani ashikaye malipo, na kama mchezaji aweza kukataa na bado akala. Kijana wa Kasoli wa zamani aliyejiunga na wenzake kulima aliyajua majawabu yote matatu kabla jembe la kwanza halijainuliwa.