Upimaji wa madhara ya mionzi kwenye utumbo

Madhara ya mionzi kwenye utumbo ni majeraha yanayoupata utumbo saratani ya tumbo au nyonga, kama ile ya shingo ya kizazi, inapotibiwa kwa mionzi. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hujifanya upya kila baada ya siku chache; mionzi huua seli zinazogawanyika, na utando hudhoofika.

Madhara ya mapema, yaani kuhara, kichefuchefu na msokoto wa tumbo, huonekana wakati wa tiba au wiki chache baadaye. Ya kuchelewa, kama kutoka damu au utumbo kusinyaa na kuziba, huweza kujitokeza baada ya miezi au miaka.

Kipimo kinachotumika sana ni CTCAE cha Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kuhara hupangwa kwa ongezeko la choo kwa siku: chini ya mara 4 ni daraja la 1, mara 4 hadi 6 la 2, mara 7 au zaidi la 3. Daraja la 4 ni hatari kwa uhai. La 5 ni kifo. Aliyezoea kwenda choo mara 1, sasa anakwenda mara 6, yuko daraja la 2.

Maabara hupima sitrulini katika damu: hutengenezwa zaidi na seli za utumbo mwembamba, hivyo hushuka zinapokufa.

Hali ya kawaida ya mgonjwa iandikwe kabla ya tiba; bila hiyo, ongezeko halipimiki.