Sengu na Sebule: Nyumba za Umatengo

Pwani, nyumba husomwa kuanzia barazani. Wilayani Mbinga, katika nchi ya Namswea, Litembo na Kigonsera, nyumba ya Mmatengo wa zamani haikusomeka peke yake; sharti kwanza iulizwe sengu iko wapi. Sengu ilikuwa ni mlo, tena ni mahali pa mlo. Kila mke alipika jikoni kwake, chakula kikapelekwa kwa mzee wa ukoo, na wanaume wakala pamoja na vijana wao. Hapo ndipo ugomvi uliposuluhishwa, kazi za shamba zikapangwa, na mtoto akajifunza kunyamaza mkubwa anenapo. Nyumba zenyewe, za miti na udongo na paa la nyasi, zilikuwa kama vyumba vya nyumba moja kubwa isiyokuwa na kuta.

Nyasi hizo hazikuwa kitu duni. (Jina la Ziwa Nyasa, lililo chini ya milima hiyo, halitokani nazo, ingawa sikio la Kiswahili huweza kudhani hivyo; maana yake ni ziwa lenyewe.) Katika kilimo cha ngoro nyasi hufyekwa, hulazwa kwa miraba juu ya mteremko, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua yasichukue rutuba. Kwa hiyo nyasi zililisha shamba, na nyasi ziliezeka nyumba.

Matofali yalikuja na misheni. Wabenediktini walianzisha kituo Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Vyote viwili vilichomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, vikajengwa tena. Lakini kuliona tofali si kulimiliki. Fedha ilikuja na kahawa, iliyoanza kupandwa milimani humo miaka ya 1920, na ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ukaanzishwa mwaka 1936. Tangu hapo mavuno mazuri yakapimwa kwa bati.

Miaka hiyohiyo Marekani nayo ilikuwa ikijenga upya makazi yake. Kampuni ya Sears iliuza nyumba kwa katalogi tangu 1908 hadi 1940, mbao na misumari ikisafirishwa kwa treni. Nyingi zilikuwa bangalo, neno lenye asili ya Bengali, nazo zilikuwa na baraza pana la mbele ambapo jirani alisalimiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikashamiri nyumba ndefu za chini, zenye banda la gari mbele na maisha yote nyuma uani, baraza likanywea. Hakuna Mmatengo aliyemwiga Mmarekani. Huko lilikuwa gari, huku ilikuwa kahawa. Lakini pote fedha ya mtu mmoja ilijenga nyumba ya mtu mmoja, mkewe na wanawe.

Nyumba ya bati ilikuja na sebule, na mgeni akapokelewa humo, na chakula kikaliwa humo. Egno Ndunguru alipochapisha *Historia, Mila na Desturi za Wamatengo* mwaka 1972, mengi ya sengu yalikuwa tayari ya kusimuliwa. Hata hivyo si haki kuililia sengu kwa machozi matupu. Aliyepika alikula kando, na shauri lililokatwa pale lilimfikia likiwa limekwisha kukatwa. Chini ya bati mume na mke walikaa meza moja, angalau penye meza.

Mwezi Julai 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka duniani. Mkulima aliyekwisha kuchoma tofali zake alikuwa na kuta, hakuwa na paa. Majani yakaota ndani ya sebule, na wenyewe wakaendelea kulala chini ya nyasi.