Mchwa na Udongo wa Handeni na Korogwe

Udongo mwingi wa Handeni na Korogwe umetokana na miamba mikongwe iliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Volkano hazipo huku. Majivu ya volkano yaliletwa na maji: Mto Pangani, wenye vyanzo kwenye volkano za Kilimanjaro na Meru, uliyasomba na kuyatandaza katika mabonde ya Korogwe. Kwingineko, mwamba umegeuzwa kuwa shamba na mvua, mizizi ya nyasi na viumbe wadogo, na mchwa wamefanya kazi kubwa kuliko viumbe wengine wote.

Ushahidi uko kwenye kingo za makorongo na mashimo ya kifusi. Juu kuna udongo mwekundu laini, usio na jiwe. Chini yake unapita mstari wa kokoto, kisha mwamba uliooza. Mchwa hubeba chembe ndogo mdomoni, huzikanda kwa mate na kuzipandisha kujengea kichuguu. Kokoto huwashinda, zikabaki chini. Kichuguu kikihamwa, mvua hukimomonyoa na udongo wake ukasambaa penye nyasi. Kazi hiyo ikirudiwa maelfu ya miaka, tabaka la juu hujengeka karibu lote kwa udongo uliopita vinywani mwa wadudu. Wakati huohuo nyasi kavu huingizwa shimoni kukuzia ukungu ambao mchwa hula, nao jongoo husaga majani yaliyooza.

Vijijini udongo huo umetumika tangu zamani: hukandikiwa nyumba, hufyatuliwa matofali, na wajawazito huumung'unya. Wataalamu walichelewa kuufikia. Mwaka 1881 Charles Darwin aliwasifu minyoo wa Uingereza kwa kazi kama hii ya kupandisha udongo, lakini penye kiangazi kirefu kazi hiyo ni ya mchwa zaidi.

Utafiti wa eneo hili ulipata makao Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha taasisi yao. Mwaka huohuo reli kutoka Tanga ilifika Korogwe. Chini ya Waingereza, Geoffrey Milne, mkemia wa udongo wa Amani, alieleza mwaka 1935 jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni: mwekundu juu, mchanga wa kijivu mteremkoni, mfinyanzi mweusi mbugani. Mpangilio huo aliuita katena, na neno hilo sasa hutumika duniani kote. Mwaka 1955 mtafiti P. R. Hesse alichapisha uchunguzi wa vichuguu vya Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba udongo wake unafanana na ule wa tabaka za chini unakochimbwa.

Kufikia wakati huo mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umekwisha kuchukua nafasi ya nyasi kandokando ya reli. Kila jani lililokatwa liliondoka na rutuba, na pasipo nyasi za kutosha kuirudisha, mashamba yalichoka. Ndiyo sababu kituo cha mkonge cha Mlingano, kilichoanzishwa miaka ya 1930, kilijikita pia katika utafiti wa udongo.