Historia Yetu Katika Nyaraka za Wengine

Mwanafunzi afunguaye nyaraka za siasa ya nje ya Marekani, ambazo serikali hiyo imezichapa juzuu baada ya juzuu tangu 1861, hudhani amekutana na siasa yenyewe. Juzuu juu ya msukosuko wa Kongo wa 1961 hadi 1963 ilitoka mwaka 1994: mabalozi wanaandika, mawaziri wanashauriana, lakini mpango wa siri wa shirika la ujasusi, CIA, haumo. Wala si kwamba haukujulikana. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba sumu iliyokusudiwa Patrice Lumumba ilifikishwa Léopoldville Septemba 1960. (Haikutumika, Lumumba aliuawa Katanga, tarehe 17 Januari 1961, kwa mikono mingine.)

Ilibidi kungoja hadi 2013 ndipo juzuu nyingine, ya 1960 hadi 1968, ikaufunua mpango huo. Na hata humo, mahali pengi, kiasi cha fedha zilizotolewa kimefutwa.

Basi tusomeshe vipi? Kwa maoni yangu, neno «usalama wa taifa» lisiwe kikomo cha uchunguzi, bali sehemu ya somo: ni nani aliyeamua kuficha, alificha nini, kwa muda gani? Juzuu hizo zisomwe sambamba, pamoja na taarifa ya bunge la Ubelgiji ya 2001. Kisha waulizwe wazee wachache wa Lubumbashi wanaoikumbuka Januari ile, nao waulizwe mapema.