Utambuzi wa usonji

Utambuzi wa usonji ni mfululizo wa hatua za kitabibu zinazolenga kujua kama mtoto (au mtu mzima) ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, uhusiano na watu wengine na tabia. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha usonji. Wataalamu humtazama mtoto, hucheza naye na kusikiliza maelezo ya wazazi au walezi. Kwa sababu hiyo wazazi wana nafasi kubwa katika utambuzi huu, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona kwamba mtoto anakua kwa namna tofauti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hutambuliwa kwa wavulana zaidi kuliko wasichana, ingawa wasichana wengi hukosa kutambuliwa kwa sababu dalili zao hazionekani kwa urahisi.

Dalili za awali

Dalili huonekana kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza miaka 3. Zinazowafanya wazazi wengi waende hospitali ni hizi:

- mtoto hageuki anapoitwa jina, ingawa husikia sauti nyingine
- haonyeshi kitu kwa kidole ili mwenzake akione
- hatazamani na watu, au hutazama kwa muda mfupi sana
- anachelewa kuongea, au anarudia maneno aliyosikia bila kuyatumia kuzungumza
- anapoteza maneno aliyokuwa ameshayajua
- anarudia mwendo uleule, kwa mfano kupunga mikono, kuzunguka au kupanga vitu kwa mstari
- anasumbuliwa sana na sauti, mwanga, nguo au vyakula fulani, au na mabadiliko madogo ya ratiba

Dalili moja peke yake haitoshi. Watoto wengi wanaochelewa kuongea hawana usonji, na baadhi ya watoto wenye usonji huongea mapema na kwa ufasaha.

Hatua za utambuzi

Hatua ya kwanza ni uchunguzi wa awali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza kila mtoto achunguzwe akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24. Dodoso linalotumika sana ni M-CHAT-R, lenye maswali 20 ambayo mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30 hujibu kwa ndiyo au hapana. Matokeo yake si utambuzi. Yanaonyesha tu kama mtoto anahitaji kuchunguzwa zaidi.

Hatua ya pili ni kupima usikivu, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri anaweza pia kuchelewa kuongea na kutoitika anapoitwa.

Hatua ya tatu ni tathmini kamili. Inapowezekana hufanywa na kundi la wataalamu: daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, mtaalamu wa usemi na mtaalamu wa tiba kazi. Mzazi huhojiwa kwa kirefu kuhusu mimba, uzazi, umri ambao mtoto alitembea na kuongea, michezo yake na tabia zake nyumbani. Mtoto naye hutazamwa katika michezo iliyopangwa. Nyenzo mbili zinazojulikana zaidi ni ADI-R, ambayo ni mahojiano na mzazi, na ADOS, ambayo ni utazamaji wa mtoto mwenyewe.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani uitwao DSM-5, mtoto lazima awe na matatizo katika maeneo yote matatu ya mawasiliano ya kijamii, na angalau dalili mbili kati ya nne za tabia za kujirudia. Dalili hizo ziwe zilianza utotoni na ziwe zinaathiri maisha ya kila siku. Mtaalamu pia hutaja kiwango cha msaada anachohitaji mtoto, kuanzia 1 hadi 3.

Hali zinazofanana au kuambatana na usonji

Kupata jibu lililo wazi ni vigumu kwa sababu dalili hufanana na za hali nyingine. Miongoni mwake ni uziwi, ulemavu wa akili, matatizo ya lugha, sindromu ya Rett na tatizo la upungufu wa umakini. Hali hizi zinaweza pia kuwepo pamoja: mtoto mmoja anaweza kuwa na usonji, kifafa na ulemavu wa akili. Ndiyo maana familia moja inaweza kupewa majibu tofauti na madaktari tofauti, au jibu kubadilika mtoto anapokua.

Historia

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Wa kwanza kati yao alikuwa Donald Triplett wa mji wa Forest, Mississippi. Wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumweka katika taasisi akiwa bado mdogo, lakini baadaye walimrudisha nyumbani. Mwaka 1938 walimpeleka kwa Kanner, baada ya baba yake kuandika barua ya kurasa 33 kuhusu tabia za mtoto. Maelezo hayo yalikuwa msingi muhimu wa makala ya Kanner. Triplett alikuja kufanya kazi benki na alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89.

Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi walidai kwamba usonji unasababishwa na mama asiye na upendo. Dai hilo liliwaumiza wazazi wengi waliokuwa wakitafuta msaada. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo chake ni cha kibiolojia. Nchini Uingereza, Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili na mama wa msichana mwenye usonji, alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha chama cha kitaifa mwaka 1962. Utafiti wake na Judith Gould wa mwaka 1979 ulisaidia kuleta wazo la usonji kama wigo mpana.

Usonji uliingizwa katika DSM kama hali inayojitegemea mwaka 1980. Toleo la mwaka 1994 liliongeza sindromu ya Asperger, lakini toleo la mwaka 2013 liliunganisha aina hizo kuwa jina moja. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inafuata mpango unaofanana.

Afrika Mashariki

Utafiti wa Victor Lotter uliochapishwa mwaka 1978 ulikuwa kati ya wa kwanza kuhusu usonji barani Afrika, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zilizohusika. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia watoto 20 wenye matatizo ya ukuaji. 14 walikuwa na usonji, na kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali.

Nchini Kenya vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984 chini ya wizara ya elimu. Wazazi wameanzisha vyama vyao pia, kikiwemo chama cha usonji cha Kenya. Huko Kilifi watafiti walitengeneza nyenzo ya kupima ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 inayotumia vitu ambavyo watoto wa pwani wanavijua, kwa kuwa vipimo vya ng'ambo huweza kumhukumu vibaya mtoto ambaye hajawahi kuona vifaa vyake.

Wataalamu ni wachache na wengi wao wako mijini. Baadhi ya familia huambiwa zisubiri kwa kuwa mtoto "ataongea tu", na nyingine huhusisha hali hiyo na majini, uchawi au laana, huku lawama zikimwangukia mama. Hivyo watoto wengi hufikishwa kwa mtaalamu wakati tayari wamefika umri wa kwenda shule.

Umuhimu na mipaka

Utambuzi hauponyi usonji, na hakuna dawa ya kuuondoa. Faida yake ni kuwaelekeza wazazi kwenye tiba ya usemi, mafunzo ya malezi na shule inayofaa, na kuwaondolea lawama. Mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kutambua usonji kwa uhakika mtoto akiwa na miaka 2, lakini mafunzo ya mawasiliano yanaweza kuanza hata kabla jibu la mwisho halijapatikana.

Madai kwamba chanjo husababisha usonji yalienea baada ya makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na tafiti kubwa katika nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote kati ya hayo mawili.

Tazama pia

- Usonji
- Mtindio wa ubongo
- Sindromu ya Down
- Elimu maalumu