Dial M for Murder

Dial M for Murder ni filamu ya taharuki ya Marekani ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Frederick Knott aliandika mswada kutokana na tamthilia yake mwenyewe.

Karibu yote hutokea ndani ya nyumba moja jijini London. Tony Wendice (Ray Milland), mchezaji tenisi mstaafu, agundua kuwa mkewe tajiri, Margot (Grace Kelly), ana hawara. Amwibia barua ya mapenzi, kisha, bila kujitaja, amdai pauni 50 ili siri isivuje. Baadaye ambana mtu aliyesoma naye, mwenye madhambi yake, amuue Margot kwa malipo ya pauni 1,000. Mpango waharibika: Margot, akinyongwa kwa skafu, apapasa mezani, ashika mkasi na kumchoma mvamizi mgongoni hadi kufa. Tony ageuza kesi ionekane Margot aliua kwa makusudi, naye ahukumiwa kunyongwa. Kinachomnasa Tony ni ufunguo wa nyumba aliomfichia mvamizi: huyo aliurudisha chini ya zulia la ngazi kabla ya kuingia, na Tony hakulijua hilo.

Filamu ilipigwa kwa mtindo wa 3D, ingawa wengi waliiona kwa picha ya kawaida, na haikupungua makali. Mwaka 1998 ilitengenezwa upya kwa jina A Perfect Murder.